Hojaji 124, vituo viwili na swali la falsafa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa TEHAMA wa halmashauri moja hapa mkoani Dodoma, na ninasoma shahada ya uzamili ya mifumo ya habari. Utafiti wangu unahusu mfumo wa kielektroniki wa kuendeshea vituo vya afya. Kilichonisukuma ni vituo viwili ambavyo nilivifungia mfumo mimi mwenyewe. Programu ni ileile, mafunzo ni yaleyale, na vyote vina sola ya akiba umeme ukikatika. Kimoja wanaingiza taarifa mgonjwa akiwa mbele yao. Kingine wanaandika kila kitu kwenye rejesta, halafu jioni mtu mmoja anakaa kuyahamishia yote kwenye kompyuta. Nimeandika pendekezo la utafiti kwa kutumia TAM (Technology Acceptance Model, modeli ya jinsi watu wanavyoipokea teknolojia), nikakokotoa sampuli ya watu 124 kati ya watumishi 180 wa vituo vya wilaya, na hojaji yangu ina majibu ya ngazi tano. Msimamizi amelirudisha na maswali mawili: kwa nini TAM, na msimamo wako wa kifalsafa ni upi? Mwenzangu mmoja ananiambia niandike kwamba mimi ni mpragmatisti, mambo yaishe. Mwingine anasema afadhali nitengeneze app. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwa kifupi, TAM iache, hojaji iweke kando kwa sasa, upragmatisti usiuandike ili tu upite, na app usitengeneze. Utafiti wako ni vile vituo viwili ulivyovieleza kwa mistari michache. Nikikuelewa vizuri, vimekusukuma kuanza, kisha pendekezo lote likaandikwa bila kuvigusa.

Tuanze na TAM, maana hapo ndipo wengi wanapokwama, na ukihudhuria vikao vya utetezi wa mapendekezo hapa Dodoma utachoka kuisikia. Fred Davis aliijenga katika tasnifu yake ya udaktari pale MIT katikati ya miaka ya 1980, akaichapisha mwaka 1989 katika jarida la MIS Quarterly. Aliazima msingi kutoka saikolojia, kwenye nadharia ya Fishbein na Ajzen ya mwaka 1975: kitendo cha mtu hutanguliwa na nia, na nia hutokana na mtazamo wake pamoja na yale anayodhani wenzake wanamtarajia afanye. Davis akabakiza imani mbili tu. Mtu anaamini kiasi gani kwamba mfumo utamsaidia kazini, na anauona mwepesi kiasi gani kuutumia. Ni kazi nzuri. Ofisi inayotaka kujua mapema kama watu wake wataipokea programu fulani hupata jibu la maana kwa maswali machache na gharama ndogo.

Sasa angalia wilaya yako. Muuguzi wa kituo cha serikali hana hiari ya kuutumia mfumo au kuuacha. Ameelekezwa autumie, mapato yanapita humo, na mganga mfawidhi ataulizwa asipoutumia. Nadharia inayopima nia ya mtu mwenye hiari inakosa cha kupima. Hili linajulikana tangu zamani. Venkatesh na wenzake mwaka 2003, walipounganisha modeli nane kuwa moja, waliingiza hiari kama jambo linalobadilisha uzito wa mambo mengine. Mwaka mmoja kabla yao, Brown na wenzake walikuwa wameandika juu ya wafanyakazi wa benki walioamriwa kutumia mfumo, wakaonyesha kwamba modeli hii haikai vilevile mahali penye amri.

Hiari ni tatizo dogo, hata hivyo. Kubwa ni kwamba kwa kipimo cha TAM vituo vyako vyote viwili vinatumia mfumo. Jioni ikifika, taarifa zimo katika vyote. Ungefuata TAM mpaka mwisho ungepata vituo viwili vyenye alama moja, na tofauti iliyokukosesha usingizi ingepotea, kwa sababu tofauti hiyo imo ndani ya matumizi yenyewe: nani anaingiza, saa ngapi, akitoa wapi taarifa, na karatasi inabaki na kazi gani. Benbasat na Barki walilalamika mwaka 2007 kwamba TAM imewazoesha watafiti kuuliza kama mfumo unaonekana una manufaa, bila kufungua na kutazama manufaa hayo yanatoka wapi. Nakubaliana nao kabisa, ingawa najua wapo wenzangu watakaoninunia.

Tuje kwenye 124. Hesabu yako ni sahihi. Umetumia kanuni ya Yamane: 180 gawanya kwa moja jumlisha 180 mara 0.0025, yaani 180 kwa 1.45, unapata 124. Wenzako walio na kundi kubwa huchukua 384 kutoka jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Kanuni hizi zina kazi yake. Zinakueleza uulize watu wangapi, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ili ukadirie asilimia fulani ya kundi zima ukiwa na kosa lisilozidi asilimia tano juu au chini. Kama swali lako lingekuwa ni watumishi wangapi kati ya 180 wamepata mafunzo, 124 ingekuwa jibu safi.

Swali lako halihusu watumishi mmojammoja. Linahusu kituo: kwa nini kituo hiki kimejipanga hivi na kile vile. Kitu unachokichunguza ni kituo, na unavyo viwili. Hata ungehoji watumishi wote 180, bado ungekuwa na mipangilio miwili ya kazi unayoilinganisha. Hapa wengi hujidanganya. Sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, inajaa namba, jopo linatulia, na hakuna anayeuliza namba hizo zinahesabu nini.

Kisha kuna jambo la wewe mwenyewe. Hojaji itakuwa na nembo ya chuo, lakini sura anayoijua nesi ni ya afisa wa halmashauri aliyekuja kufunga mfumo, na ambaye huenda kesho akaja na timu ya ukaguzi. Atazungushia "nakubali sana" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na mimi simlaumu. Ukizipeleka namba hizo kwenye SPSS, programu ya takwimu, utapata kipimo cha uthabiti kizuri ajabu, zaidi ya 0.9 pengine, kwa kuwa hofu nayo ni thabiti.

Sasa falsafa. Ninavyoona, wanafunzi huogopa sehemu hii kwa sababu wanafundishwa kuichagua kwanza, kabla ya chochote. Wanaoneshwa ule mchoro wa kitunguu wa Saunders na wenzake, ganda la nje kabisa likiwa falsafa, wanaambiwa wamenye kuanzia nje kuingia ndani. Mchoro una faida yake kwa kupanga sura, lakini hakuna mtafiti ninayemfahamu anayefikiri kwa mpangilio huo. Mtu huanza na jambo linalomsumbua. Falsafa huingia pale anapojiuliza: nikileta jibu, litakuwa jibu la aina gani, na nini kingenionyesha kwamba nimekosea?

Maneno mawili ya darasani ni ontolojia na epistemolojia. Kwenye kazi yako ontolojia ni hili: yale "matumizi ya mfumo" unayoyataja kila ukurasa ni kitu gani hasa? Epistemolojia ni: utayajuaje?

Ukiwa positivisti, unachukulia kwamba mpangilio wa kazi kituoni upo, uwe unautazama au hutazami, na kwamba wachunguzi wawili makini watauona uleule. Nadharia yako itoe utabiri, na utabiri uwe wa aina inayoweza kushindwa. Karl Popper aliisisitiza hoja hii tangu mwaka 1934: nadharia isiyoweza kushindwa na tukio lolote haijasema kitu. Ukifuata mkabala wa kifasiri, unaamini kwamba matumizi ni yale ambayo wahusika wenyewe wameyafanya yawe. Huenda kwa nesi wa kituo cha pili rejesta ndiyo kumbukumbu ya mgonjwa, na kompyuta ni ripoti ya wakubwa. Huwezi kulijua hilo kwa kuhesabu, mpaka ukae naye na umsikilize anavyoieleza kazi yake. Ukifuata mkabala wa kihakiki, utauliza mpangilio huu unamnufaisha nani na unamlemea nani: yule anayekaa jioni kuhamisha taarifa ni nani, analipwa saa hizo, na kwa nini ni yeye? Upo pia uhalisia hakiki, uliotokana na Roy Bhaskar tangu mwaka 1975 na kutetewa katika taaluma yetu na John Mingers mwaka 2004. Huo unatafuta nguvu zisizoonekana moja kwa moja ambazo huzaa yale tunayoyaona. Unapendwa sana siku hizi, lakini kwa uzamili wa miaka miwili utakula muda wako wote kwenye maelezo yake tu.

Ujue pia kwamba ugomvi huu una historia. Orlikowski na Baroudi walipitia makala 155 za mifumo ya habari zilizochapishwa kati ya 1983 na 1988. Karibu 97 katika kila 100 zilikuwa za kipositivisti, chache zilizobaki za kifasiri, na ya kihakiki haikupatikana hata moja. Waliyachapisha hayo mwaka 1991. Geoff Walsham akatoa kitabu chake cha mkabala wa kifasiri mwaka 1993, na mwaka 1999 Klein na Myers wakaweka kanuni saba za kupima ubora wa utafiti wa namna hiyo. Kwa hiyo msimamizi wako anapouliza msimamo wako, anajua kwamba kipimo cha kazi njema kinatofautiana kutoka mkabala mmoja hadi mwingine, na anataka kujua akupime kwa kipi.

Hapa ningependa uondokane na dhana moja ambayo imejikita mno: kwamba positivisti ni mtu wa namba na hojaji, na mkabala wa kifasiri ni mahojiano. Si kweli. Allen Lee aliandika mwaka 1989 kuonyesha kwamba uchunguzi kifani, yaani kuchimba kwa kina tukio au mahali mahususi, hata pamoja tu, unaweza kutimiza masharti yote ya sayansi ya asili: utabiri unaoweza kushindwa, maelezo yanayopambanishwa, na tukio la kweli likiwa mwamuzi. Unaweza basi kubaki positivisti huku ukizitupa hojaji zote 124. Nimeliweka hili mapema kwa sababu ndiyo njia nitakayokupendekezea.

Mfano ambao Lee aliutumia ni utafiti wa Lynne Markus wa mwaka 1983, na nakuomba uusome wote, taratibu, kabla hujaandika sentensi nyingine. Markus alichunguza kampuni moja aliyoipa jina la kificho. Kampuni ilileta mfumo mpya wa taarifa za fedha. Kabla yake, wahasibu wa matawi walitunza hesabu zao wenyewe na kupeleka makao makuu muhtasari. Mfumo mpya ukakusanya miamala yote mahali pamoja, na wahasibu wa makao makuu wakaweza kuiona moja kwa moja bila kumuuliza mtu wa tawi. Wa makao makuu waliupenda. Wa matawi waliupinga, na wengine waliendelea kushika vitabu vyao vya zamani pembeni, ijapokuwa ni kazi mara mbili.

Unaona kwa nini nimeukumbuka niliposoma barua yako.

Markus hakuridhika na kusema "watu hupinga mabadiliko". Aliweka maelezo matatu yashindane. La kwanza: tatizo ni mtu, yaani wapingaji ni wazito wa kujifunza, au tabia yao iko hivyo. La pili: tatizo ni mfumo, yaani ni mgumu, unachelewa, umeundwa vibaya. La tatu: tatizo liko kwenye mwingiliano wa mfumo na mgawanyo wa madaraka mahali ulipowekwa, hivyo mfumo uleule utapendwa na anayeongezewa nguvu na kupingwa na anayepunguziwa. Kisha akajiuliza kila maelezo yanatabiri nini. Kama tatizo ni mtu, mbadilishe mtu na upinzani utakwisha. Kama ni mfumo, urekebishe na upinzani utakwisha. Kama ni mwingiliano, mtu mpya atakayekalia kiti kilekile atapinga kama aliyemtangulia, na marekebisho ya programu hayatafua dafu. Ushahidi ukaegemea maelezo ya tatu.

Hebu yahamishe kituoni kwako. Maelezo ya mtu: kituo cha pili kina watumishi wenye umri mkubwa au wasiozoea kompyuta. Maelezo ya mfumo: kifaa ni kimoja kwa foleni nzima, mtandao unakatika saa za asubuhi, skrini za kliniki ya watoto ni nyingi kuliko rejesta. Maelezo ya mwingiliano: kuna mtu ambaye, taarifa zikiingia papo hapo, anapoteza kitu. Sisemi wizi, na tafadhali usiende na wazo hilo kichwani. Namaanisha vitu vya kawaida kabisa. Mganga mfawidhi aliyezoea kuipitia rejesta jioni na kusahihisha kabla namba hazijatoka nje ya kituo sasa anakuta ofisi ya wilaya imekwisha kuziona. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, ambaye rejesta yake ilimfanya awe wa kuulizwa kila kitu, sasa haulizwi. Inawezekana kwamba ule uingizaji wa jioni unarudisha hatua hiyo ya kupitia kwanza ambayo mfumo uliiondoa. Ni dhana tu, na ukifika utakuta vinginevyo pengine, lakini ni dhana inayoweza kushindwa, na hiyo ndiyo sifa yake.

Na una jaribio ambalo Markus angelitamani: uhamisho. Watumishi wa afya huhamishwa kutoka kituo hadi kituo ndani ya wilaya. Watafute waliotoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, au kinyume chake. Mtu aliyekuwa akiingiza papo hapo alipofika kituo cha jioni alifanyaje? Kama aliendelea na mtindo wake, maelezo ya mtu yanapata nguvu. Kama baada ya muda mfupi naye alikuwa anaandika kwenye rejesta kama wenzake, maelezo hayo yameanguka, na itakubidi ueleze kituo kilimbadilishaje. Watu watatu au wanne wa aina hiyo watakufaa kuliko hojaji zote.

Ushahidi wako wa pili umelala ndani ya kanzidata. Mifumo ya namna hii kwa kawaida hutunza saa ambayo kila taarifa iliingizwa na akaunti iliyotumika. Omba dondoo la vituo vyote vya wilaya kwa miezi kadhaa: saa, idara, kada ya mtumiaji, basi. Kituo kinachoingiza papo hapo kitakuwa na taarifa zilizotawanyika mchana kutwa. Cha jioni kitakuwa na mlundikano baada ya saa tisa au kumi, mara nyingi chini ya akaunti moja. Hapo utajua kama vituo vyako viwili ni vya kipekee au ni ncha mbili za hali iliyo wilaya nzima, na utaweza kueleza kwa nini umevichagua, badala ya kusema tu kwamba unavijua. Lakini saa iliyorekodiwa ni ya kuingiza, haisemi mgonjwa alihudumiwa lini. Linganisha siku chache na rejesta yenyewe.

Tahadhari moja nzito. Kwa kazi yako una uwezo wa kuingia kwenye kanzidata hiyo leo usiku. Uwezo wa kazini si ruhusa ya utafiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile inazozihesabu kuwa nyeti. Pata kwanza kibali cha maadili kwa utaratibu wa chuo chako au wa NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha barua za Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi na Mganga Mkuu wa Wilaya. Halafu mwombe mtu mwingine akutolee dondoo lisilo na jina wala namba ya mgonjwa. Usilitoe mwenyewe, hata kama itakuchukua dakika tano.

Kuhusu wewe kuwa afisa TEHAMA: moja ya kanuni za Klein na Myers inataka mtafiti aeleze jinsi yeye na wahojiwa walivyokutana, na jinsi taarifa zilivyotokana na kukutana huko. Kanuni zao ni za mkabala wa kifasiri, lakini hii ichukue hata kama hutafuati njia hiyo. Andika wazi kwamba ndiye uliyefunga mfumo. Mahojiano ya kituo cha pili ningependa yafanywe na mwenzako wa darasani asiye mtumishi wa halmashauri, au walau yafanyike baada ya wewe kukaa pale siku kadhaa bila karatasi yoyote mkononi. Na usiulize "kwa nini hamtumii mfumo ipasavyo?" Ukiuliza hivyo umekuwa mkaguzi tayari. Mwombe akueleze mgonjwa wa mwisho aliyemhudumia, tangu alipoingia mlangoni mpaka taarifa zake zilipofika kwenye kompyuta.

Kama maelezo yote matatu ya Markus yataanguka, na yanaweza, iko njia nyingine ambayo Stephen Barley aliionyesha mwaka 1986. Alikaa katika idara za mionzi za hospitali mbili za Massachusetts, Marekani, zilizoletewa mashine zinazofanana za CT, zile za kupiga picha za ndani ya mwili. Mashine zilikuwa sawa, lakini mpangilio wa kazi uliotokea ulitofautiana. Aliona kwamba mazungumzo ya kila siku kati ya madaktari na mafundi, nani anamuuliza nani, nani anamwelekeza nani, yaliujenga mpangilio huo kidogo kidogo mpaka ukawa desturi. Inakaribia sana fumbo lako. Sikuanzii huko kwa sababu Barley alitazama tukio likitokea, kwa miezi mingi, wakati wewe unafika desturi imekwisha kujengwa na likizo yako ya masomo ni fupi.

Modeli ya mafanikio ya mifumo ya DeLone na McLean, ambayo najua utaikuta kwenye kila tasnifu maktaba, haitakufaa kwa sababu ileile ya TAM. Pengo kati ya muundo na hali halisi, hoja ya Richard Heeks, inafaa kama swali lako lingekuwa kwa nini mfumo umeshindwa. Wako haujashindwa.

Jopo litakuuliza: vituo viwili tu, utajumlishaje? Lijibu kwa Lee na Baskerville. Mwaka 2003 walieleza kwamba kutoka sampuli kwenda kundi zima kwa takwimu ni namna moja tu ya kujumlisha kati ya nne, na kwamba ukubwa wa sampuli hauipi nadharia haki ya kutumika mahali ambapo haijajaribiwa. Hojaji 124 za wilaya yako, hata zikiwa safi, zinasema juu ya wale 180. Hazisemi lolote la hakika juu ya Mpwapwa au Manyoni. Unachokijumlisha wewe ni maelezo: mahali ambapo uingizaji wa papo hapo unamwondolea mtu nafasi ya kupitia taarifa kabla hazijatoka, tarajia karatasi irudi. Mwingine aende akayajaribu maelezo hayo Kondoa, ayaangushe akiweza.

Upragmatisti ni falsafa ya heshima, ya kina Peirce, James na Dewey, na inadai mengi: maana ya wazo iko katika tofauti linayoleta kwenye matendo. Ukijiita hivyo, jopo lina haki ya kukuuliza utafiti wako umebadilisha tendo gani, wapi. Watu wengi huuandika wakiwa na maana kwamba wamechanganya hojaji na mahojiano, na mtahini anayejua kazi yake huligundua hilo katika aya mbili.

App nayo. Sayansi ya usanifu, yaani utafiti wa kuunda kitu cha kutatua tatizo, ipo, Hevner na wenzake waliiwekea misingi mwaka 2004, na ni utafiti halali kama mwingine. Ila inaanza na tatizo lililokwisha kueleweka, na wewe hujui bado kwa nini watu wanaandika mara mbili. Ukitengeneza app ya simu kurahisisha uingizaji, na kumbe wepesi haukuwa shida, utakuwa umewaongezea mahali pa tatu pa kuandika. Hata DHIS2, programu ya kukusanyia takwimu za afya ambayo ripoti zako za MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) zinaingia humo, ilikua polepole kupitia utafiti wa vitendo ulioanza Afrika Kusini miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Braa, Monteiro na Sahay, walioandika juu ya kazi hiyo mwaka 2004, walisisitiza kwamba jaribio la mahali pamoja hufa mradi ukiisha kama halina wenzake wa kujifunza nao. Mtu mmoja na kompyuta yake ya mkononi hawezi hilo kwa muda wa tasnifu.

Kichwa cha utafiti kibadilishe kiseme unachokichunguza, kwa mfano "Sababu za tofauti katika uingizaji wa taarifa kati ya vituo vya afya vinavyotumia mfumo mmoja." Kwa aya ya falsafa, ukurasa mzima hauhitajiki. Unaweza kuanza hivi, kisha uyaandike upya kwa maneno yako: "Utafiti huu unachukulia kwamba mpangilio wa kazi katika kituo cha afya ni jambo halisi linaloweza kuchunguzwa na zaidi ya mtu mmoja. Unapambanisha maelezo matatu, kila moja likitoa utabiri unaoweza kukanushwa na ushahidi wa saa za uingizaji, mahojiano na uzoefu wa watumishi waliohamishwa. Kwa hiyo ni uchunguzi kifani wa kipositivisti." Msimamizi akiuliza zaidi, na ataulizia hasa lile neno la mwisho, mtajie Lee wa 1989.

Anza na dondoo la saa, kwa kuwa vibali vyake vitachelewa kuliko vyote. Wakati unavisubiri, muulize Katibu wa Afya wa wilaya orodha ya uhamisho wa miaka ya karibuni, ujue kama una watu wa kuhoji. Kama hakuna hata mmoja aliyehama kati ya aina hizo mbili za vituo, niandikie tena kabla hujarudi kwa msimamizi, maana hapo itabidi tulifikirie upya lile jaribio.